Kaka Yetu Hakunjwi

Mume wa fundi magodoro aliondoka kwake kwa miguu yake mwenyewe, ndani ya viatu alivyonunuliwa na mkewe, akaenda kuishi na msichana aliyekuwa akija pale kununua mito. Aliporudi, alirudishwa. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umepooza na mdomo umevutwa pembeni. Yule mnunuzi wa mito hakushuka hata kwenye gari. Alimwagiza dereva aseme kwamba mgonjwa wa namna hii anahitaji mke wa ndoa.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni katikati ya sufi, mkononi ana shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro. Alimtazama mume, akamtazama dereva.

"Kumbe mke wa ndoa anajulikana," alisema. "Haya, mwingize. Ila usimkalishe juu ya kitambaa cha watu."

Mtaa mzima ukamsifu kwa moyo wake mweupe. Rangi ya moyo wake aliijua mwenyewe. Alimpokea kwa sababu mlango ulikuwa wazi, mtu ameshawekwa kizingitini, na majirani wote wameshatoka kutazama. Kumfukuza mgonjwa mbele za watu kunataka ujasiri, na ujasiri wake wote ulikwisha siku alipoachwa, alipolazimika kutoka nje asubuhi kuchota maji kama kwamba hakuna jambo.

Basi wakaishi. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, cha nyuma cha kulala na cha mbele cha kazi. Mume alikuwa pandikizi la mtu na ugonjwa haukumpunguza hata kidogo. Asubuhi fundi humshika makwapani, akamburuta hadi chumba cha mbele kwenye mwanga, maana huko nyuma hakuna dirisha na mgonjwa hataki giza. Akishafika hapo, kazi imekufa. Godoro la sufi haliwezi kushonwa robo leo, robo kesho. Ukishafungua gunia na kuanza kujaza foronya, unajaza mpaka mwisho, la sivyo linakuwa na vilima na mabonde, na mwenye mali atakurudishia. Na sufi ikifunguliwa hupepea chumba kizima, ikaingia puani na kifuani. Mzima hupiga chafya. Mgonjwa alikohoa mpaka macho yakamtoka.

"Unataka... kuniua," alisema mume, kwa yale maneno yake ya kuburuta.

"Ningetaka hivyo ningekuwa nimeanza zamani," alijibu fundi, akafunga gunia.

Wateja wakaanza kupungua. Kwanza aliyetaka magodoro ya wageni, halafu mwenye nyumba ya kupangisha. Fundi alijua hesabu ya mambo inavyokwenda. Asipopata siku mbili katika juma sakafu iwe yake peke yake, kazi itahama, na kazi ikihama njaa itaingia kwa wote wawili, mkosaji na mkosewa, bila kuuliza nani alimwanza mwenzake.

Huko kwa ndugu hakukuwa na upungufu wa mapenzi. Wifi yake, dada mkubwa wa mgonjwa, alikuwa na nyumba yenye vyumba vya kutosha na kabati la vioo lenye vikombe visivyotumika. Alikuja kumwona kaka yake mara kwa mara, kila mara na wageni, hasa wale wenye mdomo. Alikaa kwenye kiti pekee cha nyumba ile, akamshika kaka yake mkono ule usiosikia kitu, akapumua kwa nguvu.

"Laiti angekuwa anabebeka!" alisema. "Haki ya nani ningemchukua kila juma, akae kwangu siku mbili tatu, wifi yangu naye apumue. Nyumba ipo, chakula kipo. Lakini mtu hana hata kiti cha magurudumu, nitambebaje jamani?"

Wageni wakatikisa vichwa. "Dada wa kweli," wakasema.

Aliyasema maneno hayo mara nyingi mpaka yakawa laini mdomoni. Fundi aliyasikiliza kila mara. Hakusoma, hata jina lake aliliandika kwa kidole gumba, lakini mtu asiyeandika hana pa kuyaweka maneno ya watu isipokuwa kichwani, na huko hayapotei. Siku moja, wageni wakiwa bado wamekaa, alisema:

"Wifi, nimesikia. Kiti nitanunua mimi."

Wifi aliuachia mkono wa kaka yake. Kisha akasema hilo ni jambo jema, lakini kiti cha kaka yake hakiwezi kununuliwa hivi hivi, ni lazima awepo. Mchango wake ungekuwa ushauri.

Walikwenda na teksi ya dereva wa mtaani, mgonjwa wakiwa wamempakia kiti cha mbele. Duka lilikuwa la magongo, vitanda vya hospitali na vitu vya plastiki ambavyo mtu hutazama upande mwingine asijue ni vya nini. Muuzaji alikuwa mwanamume mwembamba mwenye penseli sikioni. Alipomwona wifi, pochi na miwani ya jua, alijua nani wa kuongea naye. Akavuta kiti kikubwa kutoka pembeni: ngozi nyeusi, mgongo mrefu mpaka kichwani, mikono minene kama ya sofa.

"Hiki hapa, mama. Mtu akikaa humu anaonekana bado ni mtu."

"Umeona?" wifi alimgeukia fundi. "Hiki ndicho cha kaka yetu."

Wakampandisha. Mume akakaa, akanyoosha shingo, na fundi akaona ule uso wa zamani ukirudi, uso wa mwanamume anayengoja kuandaliwa.

"Hiki," alisema mume.

"Kinakunjika?" aliuliza fundi.

"Hapana, mama. Hiki ni kizima, kipande kimoja. Imara."

"Kitaingiaje kwenye teksi?"

Muuzaji akakuna sikio lenye penseli. "Teksi labda... mnaweza kukodi pikapu."

Wakajaribu hata hivyo, maana fundi alisisitiza. Dereva alifungua buti, wakakisukuma kwa mbele, wakakigeuza kwa nyuma, wakakilaza ubavu. Nusu iliingia. Nusu ya pili ikabaki nje. Fundi alimtazama wifi kwa pembe ya jicho. Mtu mwingine angesikitika kuona kiti kizuri hakiingii garini. Wifi alikuwa anakunjuka uso kama nguo iliyopigwa pasi.

"Basi si lazima kiingie," alisema wifi. "Mgonjwa hatakiwi kutikiswatikiswa. Atulie nyumbani kwake, kwenye kiti chake cha heshima. Sisi ndio tutakaokuja."

"Mnionyeshe cha kukunja," alisema fundi.

"Wifi! Kaka yetu hakunjwi!"

"Hakunjwi yeye, wifi. Yeye angekunjika, ningekuwa nimemweka kabatini zamani. Kinakunjwa kiti."

Dereva akageuka kutazama ukuta, mabega yakimcheza.

Muuzaji alileta cha kukunja bila furaha. Kilikuwa cha chuma chembamba, kitako na mgongo vya turubai. Akashika kitambaa cha kitako katikati, akakivuta juu, na magurudumu mawili yakakimbiliana mpaka yakakaribia kugusana. Kiti kikawa bapa kama mkeka uliokunjwa mara mbili. Vikanyagio akavichomoa. "Kukifungua, unabonyeza kitako kwa viganja, hivi, vidole unavielekeza ndani. Ukivipeleka pembeni vitabanwa, utanilaani bure."

Fundi hakutaka kuonyeshwa tu. Alikunja mwenyewe, akafungua, akakunja tena. Akakinyanyua kwa mkono mmoja, akatembea nacho mpaka mlangoni na kurudi, kama mtu anayebeba ndoo isiyojaa. Akavuta breki na kusukuma kwa goti kuona kama kitatoroka. Mwisho akakipeleka garini mwenyewe. Kikaingia, buti ikafungwa, na mahali pakabaki.

"Nisikudanganye, mama," alisema muuzaji. "Hivi vya turubai vikikaliwa sana vinabonyea. Atakuwa kama amelala kwenye machela."

"Kubonyea niachie mimi. Ndiyo kazi yangu."

Mume alikuwa bado juu ya kile kikubwa, mkono mzima umekamata ngozi. "Mimi si... mtu wa viti vya... sherehe. Vinakunjwa... vinarundikwa. Nataka hiki."

Fundi alimwinamia, akasema polepole, si kwa siri. "Wewe ulipokwenda kuchagua, mume wangu, hukuniita nije nipapase kama ni imara. Ulichagua ulichokipenda, na kimekurudisha kwangu. Leo nachagua mimi."

Wifi akakohoa. Muuzaji ghafla akawa na kazi ya kupanga magongo.

Fundi alishona takia gumu la kitako, akalibana kwa nyuzi sehemu nyingi kama godoro dogo, na turubai halikubonyea. Kisha siku ya kwanza ya juma jipya alimwosha mume, akamvika shati safi, akaita teksi. Hawakumpigia mtu simu. Walishuka mbele ya nyumba ya wifi, fundi akafungua kiti, viganja ndani, dereva akasaidia kumkalisha, wakabisha hodi.

Wifi alifungua akiwa na kitambaa kichwani na mswaki mdomoni. Aliuchomoa.

"Jamani! Mbona hamkusema?"

"Ulisema wewe, wifi. Tena mbele za watu. Anabebeka sasa."

"Lakini leo... kuna ngazi hapa mlangoni."

"Ni mbili tu. Dereva, shika mbele." Wakapanda.

"Huo ujia ni mwembamba, hakitapita."

"Kikunje kidogo, yeye mshike kwapa. Hivyo. Kimepita."

"Na usiku kitakaa wapi? Unaona mwenyewe nyumba ilivyojaa vitu!"

"Nyuma ya mlango, wifi. Kinataka nafasi kama ya ufagio. Ndiyo maana nilikichagua, nilijua utakuwa na shida ya nafasi."

Wifi alimtazama kaka yake, kaka akatazama kabati la vikombe.

"Na haja zake?" wifi alinong'ona. "Mimi ni dada yake, wifi, nitamwonaje? Mke ndiye..."

"Wahenga wamesema mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mimi nimekula naye tu, tena si miaka yote. Mzaliwa naye ni wewe." Akaweka kifurushi cha nguo mezani. "Anapenda kugeuzwa kila mara. Akinyamaza sana ujue amelowa. Siku mbili tatu, kama ulivyosema. Mume wangu, tulia kwa dada yako."

Alirudi nyumbani akafungua gunia la sufi. Ilipepea chumba kizima, ikakaa kwenye nywele zake na nyusi, naye akajaza na kupiga kwa fimbo, akajaza na kupiga, mlango wazi, hakuna anayekohoa. Jirani alichungulia akasema anaonekana kama mzimu. Fundi akasema mizimu ina raha zake.

Godoro la pili lilikuwa nusu wakati teksi iliposimama nje. Mume alikuwa kiti cha mbele, shati lilelile. Dereva akashuka, akafungua buti na kumwonyesha. Tupu.

"Kiti kiko wapi?"

Dereva alikuwa na aibu ya kubeba maneno yasiyo yake. "Mama, wamesema kimebaki. Wamekikunja, kimeingia vizuri nyuma ya kabati. Eti kiwe kule tayari, siku mgonjwa akija tena."

"Na atakuja tena vipi, bila kiti?"

"Hilo hawakusema."

Fundi alisimama, sufi zikimdondoka begani. Akamwona wifi kama yupo mbele yake: keshokutwa atakuja na wageni, atashika mkono usiosikia, atasema laiti angekuwa anabebeka. Akacheka. Hakuwa amecheka hivyo kwa muda mrefu, na mume ndani ya gari aliogopa.

"Usimshushe," alimwambia dereva. "Mgonjwa hukaa kilipo kiti chake. Mrudishe kilipo."

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi. Mwambie wifi asante sana kwa kututunzia. Kiti kikiwa kwake, na mwenye kiti yuko kwake. Akikileta kwangu, nitakipokea pamoja na mwenyewe, lakini hapo atakuwa anabebeka, na juma likigeuka nitambeba kumrudisha. Achague."

"Na mimi..." alisema mume kupitia dirishani, "siulizwi?"

Fundi alifikiri. Alitaka kusema mengi, aliyokuwa ameyatunza tangu siku ya vile viatu. Lakini sufi ilikuwa wazi, na foronya nusu haingoji.

"Takia limekaaje?" aliuliza.

Mume alisita. "Zuri," alisema.

"Basi umeulizwa."

Gari likaondoka. Wifi alivumilia muda wa kutosha kufua mashuka mara kadhaa, kisha akaleta wote wawili, kiti kwenye buti na kaka kiti cha mbele, akasema bila kukaa kwamba ni afadhali wapangiane siku. Fundi akazitaja siku za sufi. Tangu hapo kila juma teksi huenda na kurudi, na wanaouona utaratibu huo wanasema hakuna mwanamke mwenye huruma kama yule dada, mtu mwenye nyumba yake nzuri na bado anamchukua mgonjwa.

"Kweli, ana huruma," huitikia fundi, na kwenda kufungua gunia.