Mwaka wa korona tuligeuka wataalamu wa besiboli ya Taiwan hapa Buhongwa, fundi Kulwa akapoteza cherehani

Wakuu, nawasalimu nyote, mliopo kazini mnajifanya mnafanya kazi na mliopo nyumbani ambao hata kujifanya mmeacha.

Ninachoandika hapa kilinitokea mimi mwenyewe. Sijatia chumvi. Ningetaka kutia, maana kwa ukweli ulivyo natoka vibaya sana. Nimekaa nacho miaka kadhaa na leo nimeona bora nikiteme.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, sekondari, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Kumbukeni hilo la hesabu, litawachekesha mbele.

Mwaka ule korona ilipoingia, shule zikafungwa. Mwalimu bila wanafunzi ni mtu hatari mtaani. Amezoea kusikilizwa na hana wa kumsikiliza.

Kituo changu kikawa banda umiza la Mabula. Kwa wasiojua, banda umiza ni banda la mabati, mabenchi ya mbao na runinga moja mbele, tunakwenda kuangalia mpira. Mlangoni Mabula aliweka ndoo ya maji na sabuni. Tulikuwa tunanawa mpaka kwenye viwiko kama madaktari, halafu tunaingia kubanana watu kumi bench moja, barakoa zipo kidevuni. Akili zetu tunazijua wenyewe.

Tatizo, mpira ulisimama. Ulaya kimya, nyumbani kimya.

Mabula alijaribu kuonyesha mechi za zamani. Watu wanakaa dakika tano, mmoja anasema "hapa anakosa penalti," na kweli anakosa. Akaleta filamu zilizotafsiriwa, akaonekana amekwisha. Benchi zikabaki tupu.

Ndipo jamaa mmoja akaja na habari kwamba kuna kisiwa kinaitwa Taiwan, ugonjwa wameudhibiti na ligi yao inachezwa live, kila siku, kwa saa zetu ni saa saba na nusu mchana.

Mpira gani? Besiboli.

Ukikosa la mama, hata la mbwa utanyonya. Mabula akanunua bando, akaunga laptop kwenye runinga, na mimi nikapewa chaki niandike kwenye ubao wa nje: LEO LIVE, TAIWAN. Mwandiko wangu mzuri, hilo hata adui zangu wanakubali.

Siku ya kwanza tulikuta uwanja hauna watu. Kwenye viti wamepanga masanamu yamevalishwa jezi, na maroboti yanapiga ngoma. Jamaa mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama hao ndio waliopona. Na sisi wengine tukamcheka, kana kwamba tulikuwa na jibu.

Mtangazaji alikuwa anaongea Kiingereza na sauti inakatika kila baada ya sekunde mbili. Mabula akaizima. Akageuka kuniangalia. "Mwalimu, wewe umesoma. Tuelezee."

Wakuu, hapo ndipo mtu mwenye akili anasema "sijui."

Mimi nilichukua kipaza sauti.

Nilikuwa naijua besiboli kwa kuona nusu ya filamu moja chuoni, umeme ukakatika. Basi. Kwa mtaji huo nikaanza kutangaza. Mwanzo sikuharibu sana. Nikawaambia ni kama rede wanayocheza dada zetu, kuna anayerusha, kuna wa kukwepa, ila huyu wa kwao ana gongo na akiupiga mpira anakimbia kona nne. Watu wakaelewa. Wakaanza kusema "kumbe rahisi."

Kasheshe ikaja kwenye matokeo.

Kila kipindi kikiisha, walikuwa wanaonyesha jedwali. Vipindi tisa vimepangwa, halafu mwishoni kuna safu tatu zenye herufi, R, H na E. Sasa mwalimu yeyote nchi hii akiona jedwali, macho yanakwenda safu ya mwisho kulia. Ripoti za wanafunzi ziko hivyo. Masomo yanaanza, jumla inakaa mwisho. Nikatangaza bila kupepesa macho: "Matokeo ni ile E."

Na ilikubali! Hiyo E ilikuwa inatoa 1-0, 2-1, bila bila. Matokeo ya kibinadamu kabisa, kama ya mpira. Ile R ilikuwa inatoa vitu kama 11-9. Nani atafungwa kumi na moja? Nikasema hizo ni pointi za kati tu, zinasaidia timu zikilingana. Na zile namba za kona ya juu ya runinga, ambazo zilikuwa zinafanana na R kila siku, nikazipa jina hilo hilo. Watu thelathini wakatikisa vichwa.

Mtu mmoja tu hakutikisa. Fundi Kulwa.

Kulwa ni fundi cherehani, kibanda chake kiko hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu, na alikuwa rafiki yangu tangu nahamia Buhongwa. Kipindi kile alikuwa anashona barakoa usiku na mchana, mke na watoto watatu wanakula hapo. Mchana anakuja bandani kupumzisha mgongo. Alishabikia timu ya njano. Majina hatukuweza kuyasoma kwa hiyo tulizigawa kwa rangi. Njano aliwapenda kwa sababu eti mshono wa mabega ya jezi zao umetulia.

Siku moja njano "walifungwa" na Kulwa akauliza, "Mwalimu, mbona hawa waliofungwa ndio wanarukaruka na kumwagiana maji? Walioshinda wameinamisha vichwa."

Swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye banda lile tangu lijengwe.

Nikamjibu kwamba ni utamaduni wa Asia. Wenzetu wanaheshimu kushindwa. Mshindi anajishusha ili asimuumize mwenzake.

Bandani watu wakasema "aaah." Mmoja akaongeza kwamba Waafrika tunakwama kwa kukosa nidhamu kama hiyo. Nilijisikia profesa.

Basi msimu ukanoga. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Banda likagawanyika njano na bluu, na sisi Wasukuma ukitugawa makundi mawili umekwisha, tunashindana mpaka kwenye kupiga makofi. Mabula alikuwa bluu. Akawa anamchokoza Kulwa kila siku, kwamba timu ya fundi inafungwa kama vifungo.

Ikafika mechi moja ya njano na bluu. Maneno yakazidi. Kulwa, mtu mpole kuliko wote, akasimama: "Leo njano wakifungwa, cherehani yangu njoo uichukue."

Mabula naye, bichwa maji: "Na bluu wakifungwa, runinga hii beba."

Yaani mtu anaweka rehani runinga anayoangalizia. Na kwetu, ukishatamka mbele za watu umetamka. Ukirudi nyuma, hata watoto watakuimba. Wakaniteua mimi kuwa refa wa matokeo. Niliitikia kwa furaha, Mungu anisamehe.

Mechi ikaenda kwa muda wa saa tatu na ushee. Ikaisha. Jedwali likatokea. Njano: R nane, E sifuri. Bluu: R mbili, E mbili.

Nikatoka nje na chaki, watu nyuma yangu, nikaandika: BLUU 2, NJANO 0. Nikapigia mstari.

Kulwa hakubisha. Jioni ile ile Mabula alikwenda na mkokoteni, akaichukua cherehani na meza yake ya kukanyaga kwa mguu. Ushonaji hajui, hata kutunga uzi. Akaiweka mbele bandani na kuifanya meza ya kuwekea laptop.

Na Kulwa aliendelea kuja. Anakaa bench la pili, anaangalia besiboli na cherehani yake iko pale chini ya laptop. Oda ya barakoa ikaenda kwa fundi mwingine. Nikasikia sasa anakwenda Usagara kupakia mchanga kwenye malori.

Zikapita kama wiki mbili. Nikaenda mjini kununua nguo ya suruali kwa Mzee Akbar, ana duka la vitambaa la tangu enzi za babu yake. Nikamkuta kapumzika, nikamwamkia, akaitikia, na mimi kwa kiherehere nikaanza kumpa darasa la besiboli. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya jedwali la mechi ile. Nilikuwa nimeitunza kama cheti.

Mzee akavaa miwani. Akaangalia. Akaniuliza, "Nani ameshinda hapa?"

"Bluu, Mzee. Mbili bila."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Kumbe ujanani alikuwa mchezaji wa kriketi, na besiboli anaifahamu vizuri. "Mwalimu, bluu wamepigwa nane kwa mbili. Hii ya mwisho ni makosa. Mtu akidondosha mpira wa kudaka, anaandikiwa hapa. Nyie mmekuwa mnampa ushindi anayekosea zaidi?"

Nikaondoka bila kitambaa.

Kwa hiyo Kulwa hakushindwa. Kulwa alishinda kwa mbali, na mimi, mwalimu wa hesabu, nilimnyang'anya cherehani kwa chaki.

Mpaka hapo, wakuu, mngeweza kuniita mjinga na mimi ningekubali. Ujinga una dawa. Kinachofuata hakina.

Nilinyamaza.

Nilijiambia nitasema kesho. Kesho nikajiambia shule zinafunguliwa karibuni, wanafunzi wakisikia Mwalimu hajui kusoma jedwali nitafundishaje? Nikajiambia pia Mabula atanyang'anywa runinga, banda litakufa, nitakuwa nimemharibia. Ghafla nikawa na huruma sana na Mabula. Mtu akitaka kuficha aibu yake anapata huruma ya kila aina.

Siku ya nne baada ya kwa Mzee Akbar, Kulwa akaja nyumbani kwangu. Amechubuka viganja, ana vumbi la mchanga mpaka kwenye nyusi. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakataa chai.

"Mwalimu, naomba unielezee tena ile mechi. Mke wangu ananiuliza nilishindwaje, nashindwa kumwelezea. Nataka nijue nilikosea wapi."

Wakuu, najua mnachotegemea. Mnategemea niseme hapo moyo ukanishika.

Nilichukua daftari. Nikachora uwanja. Nikachora kona nne. Nikamwelezea fundi Kulwa kwa robo saa nzima, kwa mishale, jinsi timu yake ilivyopoteza mechi ambayo najua ilishinda. Nilieleza vizuri. Sijawahi kuandaa somo likakaa sawa kama lile.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Asante, Mwalimu. Sasa nimeelewa. Ulikuwa ujinga wangu." Akaomba ile karatasi akamwonyeshe mke wake. Nikaichana nikampa.

Usingizi ukakatika. Siku nane.

Mpira wa miguu uliporudi, banda likajaa mpaka madirishani. Taiwan ikasahaulika siku moja, mashabiki wote wa njano na bluu wakahama bila hata kuaga. Kabla mechi haijaanza nikasimama mbele. Nikasema yote kuhusu jedwali, kuhusu E, nane kwa mbili. Nikasema cherehani ni ya Kulwa.

Nilitegemea kutukanwa. Wakacheka! Mabula akasema, "Bhebhe, wewe Mwalimu, refa ameshapiga filimbi. Hata goli la mkono likikubaliwa limekubaliwa." Na watu wazima wenye familia wakaitikia kwamba ndiyo, matokeo hayabadilishwi, kaa chini mpira unaanza. Mwezi na ushee tulishangilia tusichokijua, halafu tukageuka wanasheria.

Kulwa alikuwa bench la pili. Hakumwangalia Mabula. Aliniangalia mimi.

"Ulijua lini?"

Macho yangu yakashuka kwenye cherehani.

"Ile siku nimekuja kwako. Ulikuwa unajua?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshapata mazoezi. Lakini nikasema, "Nilikuwa najua."

Kulwa akainuka, akaja mbele, akainyanyua laptop na kuniwekea mikononi. Akafungua kichwa cha cherehani, akakitoa nje amekikumbatia. Akarudi kwa ajili ya meza. Akapita katikati ya watu mara mbili na hakuna aliyethubutu kumzuia, hata Mabula. Runinga hakuigusa wala hajawahi kuidai.

Mimi nilibaki nimesimama na laptop mikononi mpaka Mabula alipoleta kreti la soda la kuiwekea.

Somo, kwa wanaotaka somo: kutojua hakukuniharibia jina. Watu wa Buhongwa walisahau habari ya jedwali ndani ya wiki, wao wenyewe wana mengi ya kusahau. Kilichoniharibia ni ile robo saa na daftari. Ukikosea, sema ukiwa bado moto. Ukisubiri utafute namna nzuri ya kusema, utakuta unalitetea kosa kwa michoro.

Kulwa yupo, kazi anayo, kibanda amekipanua, ana mashine mbili. Mke wangu anashonesha nguo kwake na watoto wangu sare za shule wanashonewa pale, na anawatania vizuri tu.

Mimi kila asubuhi napita mlangoni pake kwenda shule. Nasema, "Fundi, za asubuhi?" Ananijibu, "Salama, Mwalimu," na mguu wake hauachi kukanyaga cherehani.

Haya, uwanja ni wenu. Mnaojua namna ya kurudisha rafiki wa hivyo, nishaurini. Mnaotaka kunitukana pia karibuni, ila muwe mmesoma mpaka mwisho.