Filimbi ya Kocha

Asubuhi yao ya mwisho, mke alimtupia mumewe njumu mapajani.

"Mzee wangu, hii umeishona au umeifunga kama gunia?"

Mume, fundi viatu, akacheka, akaifumua, akaanza upya. Chai ikapoa.

Mtaa mzima ulimwita mkewe Kocha. Alikuwa mpishi wa shule. Jioni, masufuria yakishaoshwa, alivaa filimbi shingoni akawafundisha wasichana mpira. Sheria zake zilikuwa mbili. Aliyekwepa darasa hagusi mpira. Na filimbi ikilia, kila mtu agande palepale mpaka ilie tena. Hiyo ya pili iliwaepusha na miguu mingi kuvunjika.

Jioni ile mume alikuwa kando ya uwanja, akigongagonga njumu ileile. Winga wao, waliyemwita Kiberiti, alikuwa mbioni na mpira. Baba yake wa kambo akaingia na nondo. Alishamkataza shule, alimtaka akauze pombe kilabuni kwake.

"Leo navunja hiyo miguu, tuone utachezea nini!"

"Shemeji, weka chuma chini," Kocha akasema.

Kipa alijaribu kumzuia. Nondo ikampata mdomoni, meno yakamwagika. Hapo Kocha akapuliza filimbi kwa nguvu zote. Alitaka wakimbie.

Wakaganda. Wote. Kiberiti naye akaganda, kisigino juu, nondo ikimjia.

Kocha aliliona kosa lake. Alikimbia kama binti, akamkumbatia Kiberiti, chuma kikamshukia yeye mgongoni. Kikashuka tena, kichwani. Mlio wa mfupa ulisikika mpaka golini.

Mume alifika na nyundo yake ya viatu. Alimpiga yule bwana goti, akaanguka akibweka. Akampiga mkono. Akampiga tena, na tena, mpaka kipa, damu tele kidevuni, akamng'ang'ania shati.

"Babu, basi! Utaua! Basi!"

Nyundo ikadondoka.

Kocha alilazwa mapajani mwa mumewe, damu ikimtoka masikioni. Hakufika hospitali. Kiberiti alikuwa bado amesimama palepale, macho kwenye filimbi. Kocha aliipeleka mdomoni, pumzi haikutosha. Akaiachia. Akamtazama msichana, akasema:

"Endelea, mwanangu, mpira unachezwa. Na kesho usikose darasa."