Shimo la Muhanga

Babu yangu alikuwa mwindaji, na mimi nimekula sifa zake maisha yangu yote. Sijawahi kuua hata panya wa jikoni; kazi hiyo ni ya mke wangu, kwa kandambili. Lakini mbele ya binti yetu nilikuwa bingwa wa pori. Nikitoka zamu kiwandani Shituru, nilimsimulia jinsi muhanga, yule mnyama mla mchwa, anavyochimba shimo lake na jinsi nguruwe mwitu anavyojisugua kwenye kichuguu, mpaka akaniomba nimpeleke akawaone. Mke wangu alinikazia macho. Ikabidi nikubali.

Tulipanda teksi-basi hadi Kambove, kisha tukashika kwa miguu njia aliyonipitisha babu nilipokuwa mtoto. Nilitangulia na fimbo, nikimwonya binti yangu asipige kelele, wanyama wasije wakakimbia. Onyo la bure, kwa sababu mashoka yalikuwa yakilia kila upande. Msitu niliokuwa nikiukumbuka ulibaki visiki, na moshi wa matanuri ya makaa ulitukohoza. Kijito ambacho babu aliapa hakikauki kilikuwa mchanga mtupu. Mvua zilikuwa zimechelewa tena, na siku hizi kuchelewa ndiyo tabia yake.

Sikukubali kushindwa. Niliona nyayo, nikapiga magoti, nikatangaza kwamba ni za funo, tena jike. Mbele kidogo tulimkuta mwenye nyayo amefungwa kamba kwenye kisiki: mbuzi. Binti yangu ana adabu, hakucheka.

Ndipo nikaona shimo, udongo wake ukiwa mbichi mlangoni. Nilimvuta karibu nikamnong'oneza kwamba muhanga hulala humo mchana. Tukainama. Ndani kitu kilikwaruza. Hatimaye babu angejivunia mjukuu wake. Kikachomoza kichwa chenye tochi.

"Jambo, papa," alisema mchimbaji wa madini, uso wake mwekundu kwa vumbi. "Mulipotea?"

Nilimjibu kwamba tunatembea tu. Alitoka, akajipangusa, akatueleza kwa upole kwamba mashimo ya muhanga yalikuwepo kweli walipofika, nao waliyafuata kwa sababu udongo wake ulikuwa laini. Muhanga mwenyewe hakuwahi kumwona.

Kwenye teksi-basi ya kurudi binti yangu aliuliza wanyama wameenda wapi. Nilisema mbali. Akauliza mbali ni wapi, na mimi mjuzi wa pori nikajifanya nimesinzia.

Mvua zilikuwa bado hazijanyesha Jumapili moja, tulipokuwa tukijiandaa kwenda misa. Mke wangu na binti yangu walikuwa uani kando ya beseni la maji, nami nikitafuta tai yangu kwenye kamba ya nguo, tumbili alipoteremka ukutani. Ninasema ukweli: nilikimbilia ndani nikapiga komeo, familia yangu ikabaki nje.

Kupitia dirisha nilimwona vizuri. Mbavu zilihesabika, na mtoto alikuwa amemng'ang'ania tumboni. Hakumjali mtu yeyote. Alilikamata beseni kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akanywa. Jirani yetu alikuja ameinua gongo, akisema Mungu ametuletea nyama mpaka nyumbani.

"Muache akunywe," mke wangu alimwambia bila kupaza sauti. "Iko na mutoto."

Jirani alisita, kisha akashusha gongo. Binti yangu alisimama hatua chache kutoka kwa mnyama, amebana pumzi. Tumbili alimaliza, akatutazama sote, pamoja na mimi dirishani, akapanda ukuta na kuelekea upande wa reli, ambako sijui kama kuna hata mti mmoja wenye matunda.

Nilifungua mlango polepole nikaanza kufafanua kwamba tumbili mwenye mtoto ni hatari sana. Hakuna aliyenisikiliza. Binti yangu alikuwa amekwisha kulijaza beseni upya na kulisogeza karibu na ukuta, na hakutaka kuondoka hapo. Misa tuliikuta katikati.