Nimemwambia Amepatia, na Tiki Bado ni Moja

Jina langu lifiche tafadhali. Kasulu ni mji mdogo, na mama mlezi wa klabu yetu anausoma ukurasa huu kila siku.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane, nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri matokeo. Baba ni mtumishi wa serikali, tulihamia huku kutoka Tanga nikiwa darasa la tano. Nasema hili mapema kwa sababu mambo yote yanaanzia kwenye Kiswahili changu. Tangu nifike huku nasifiwa kwa kuongea. Mgeni akija shuleni, anayeitwa kumkaribisha ni mimi. Kwenye klabu yetu ya wasichana nilikuwa katibu miaka miwili, na nilishajihesabia kwamba uenyekiti ni wangu.

Na uenyekiti wenyewe siyo wa kuvaa skafu tu. Mwenyekiti ndiye anayepelekwa kwenye usaili wa ufadhili. Akipita anasomeshwa shule nzuri ya bweni kidato cha tano na cha sita, mpaka chuo, na kila likizo anapelekwa mafunzo ya uongozi. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa aliyeshika namba mbili kwenye uchaguzi.

Sasa kuna msichana, nimwite Editha. Kwao ni Kasanda, ni wakulima, na hapa Kasulu alikuwa anakaa kwa shangazi yake ili asome. Kiswahili amekikuta shuleni, nyumbani kwao ni Kiha tu. Herufi r na l kwake ni kitu kimoja. Wako wengi wa hivyo huku, hakuna anayeshangaa. Wiki ya uchaguzi alikuja nyumbani na daftari, akaniambia, "Dada, na mimi nimechukua fomu. Lakini kuongea mbele za watu naogopa. Nisikilize, kama kuna neno limekaa vibaya uniambie."

Mpinzani wangu kaja kwangu nimfundishe kunishinda. Nilijizuia kucheka. Nikamrekebisha vitu vidogo vidogo, asimame vipi, mikono aiweke wapi. Lakini kila alipofika kwenye "naomba kula zenu," nilinyamaza. Nilisema moyoni, acha siku ifike, watamcheka mpaka akae chini mwenyewe.

Na kweli walicheka. Editha alisimama, akasalimia kwa Kiha, "Mwakeye," ukumbi ukaitikia, kisha akaomba kula zetu. Wasichana wa mjini wakaangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza. Akasubiri tunyamaze. Akasema, "Sawa, nimesikia. Ulimi wangu ni wa Kasanda. Lakini hata huko kula nako nakutaka. Tunakaa vikao mpaka saa tisa bila hata uji, nani ameshawahi kulisemea?" Katibu nilikuwa mimi. Sikuwahi kulisemea.

Kwetu tunachagua kwa kujipanga nyuma ya yule unayemtaka. Mstari wake ulitoka mpaka nje ya mlango, wangu ukawa wa pili. Alipotangazwa akaja kunishika mkono mbele ya wote, akasema, "Huyu ndiye mwalimu wangu." Nikapigiwa makofi.

Jamani, nina wivu. Sina namna nyingine ya kulisema. Mama yake Editha alituletea maharage kama shukrani, na baba akiwa anayala akasema, "Mtoto yule atafika mbali." Mama naye akaongeza, "Tena ana adabu." Nikaacha sahani yangu mezani nikaenda kulala na njaa. Naichukia hata picha aliyoweka kwenye simu, ile amevaa skafu ambayo mimi nilishapanga nitaifungaje. Na ukweli ni kwamba hata nikikosa ufadhili, baba atanisomesha. Editha akikosa, mama yake ameshamtengea shamba la muhogo la kulima naye. Nalijua hilo vizuri, na wivu haupungui.

Usaili ni Jumatatu, Kibondo. Wanaosaili wanatoka Dar, na kwenye karatasi wameandika kabisa kwamba wanapima uwezo wa kujieleza. Jana Editha alinitumia ujumbe wa sauti. Siku hizi amerudi kwao, na mtandao anaupata akipanda kilima kilicho nyuma ya zahanati, na simu yenyewe ni ya mama yake mdogo. Alisema hivi: "Dada, lile neno nimelifanyia mazoezi siku zote hizi shambani, nikipalilia nalitamka. Sikiliza. Kula. Kula. Nilichaguliwa kwa kula nyingi. Sasa nimepatia? Niambie ukweli, wewe tu ndiye utakayeniambia." Anasikika akihema kwa kupanda kilima.

Hebu mfikirieni mbele ya wageni wale, anawaambia amekuwa kiongozi kwa sababu ya kula nyingi.

Nilisikiliza mara nne. Kisha nikaandika, "Umepatia kabisa mdogo wangu, usibadilishe kitu." Nikatuma. Wakati huo alikuwa ameshashuka, ujumbe haukumfikia.

Leo ni Ijumaa. Alisema atapanda tena kesho asubuhi, baada ya hapo ni safari ya Kibondo. Kuna muda najiambia alishinda na neno hilo hilo mara ya kwanza, huenda akashinda nalo tena, kwa hiyo sijamfanyia ubaya. Halafu najikamata naomba Mungu asishinde. Nikiufuta ujumbe, ataona kwamba kuna kitu nimefuta na ataniuliza kilikuwa nini. Na nikianza kumwambia ukweli, itabidi nimwambie wote, kwamba tangu ile wiki ya uchaguzi, amekaa sebuleni kwetu na daftari lake, nilikuwa namsikia.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Atakayenitukana anitukane, lakini anijibu leo. Nimeiangalia simu sasa hivi, tiki bado ni moja.