Maswali Niliyojiuliza Mwenyewe

Ujumbe wa shule ulifika Jumanne mchana, nikiwa nimeketi uani nachambua sombe, majani ya muhogo. Maombi yangu yamepokelewa, ulisema, na nifike Lubumbashi Jumatatu ya wiki inayofuata kwa mahojiano ya kuingia shule ya biashara. Niliusoma mara nne. Kisha nikamwandikia rafiki yangu: "Na weye, wamekuita?"

Makaratasi yale tuliyajaza pamoja, kwa kalamu moja, yeye akisema na mimi nikiandika kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Jibu lake lilikuja kesho yake. "Hapana." Neno hilo tu, bila hata ile sura ndogo ya kulia anayopenda kuweka.

Niseme kwanza sisi ni nani. Miaka mitatu tulikaa benchi moja hapa Likasi, tukisoma mambo ya biashara na uhasibu. Yeye ni mdomo, mimi ni mkono. Mwalimu akiuliza, yeye anajibu hata kama hajui. Mimi ninajua, na ninatazama meza.

Shule zetu zinataka kila daftari livalishwe karatasi ya bluu, juu yake plastiki, na etiketi yenye jina la mtoto na la somo. Wazazi wengi hawana muda wa kukata karatasi. Mwaka wa nne wa sekondari, wetu wa kwanza pamoja, rafiki yangu alisema: "Tubavalishie." Alianza kuzunguka kwenye nyumba za mtaa wetu, akirudi na mifuko imejaa madaftari, na mimi niko sakafuni na mkasi. Ni yeye pia aliyeleta matabishi, ile nyongeza ya bure ambayo mnunuzi wa hapa haondoki bila kuidai. Ukileta madaftari kumi, la mdogo wako wa shule ya watoto tunalivalisha bure. Basi familia nzima nzima zikaanza kuja.

Kazi hiyo tuliiandika kwenye maombi yote mawili. Kila mmoja wetu aliandika "nilianzisha". Hatukuona ubaya. Tulidhani tutaingia wote wawili.

Sasa nimebaki mimi, na nafasi ni chache. Nikikosa, tantine alishapanga: nitauza kwenye duka la mafuta ya mawese la mtu wa kanisa lao. Tantine ni dada mkubwa wa baba. Ndiye ninayekaa naye, sisi wawili tu. Baba yuko Kolwezi kwenye machimbo, hupiga simu Jumapili kama kuna rezo ya mtandao.

Hakukuwa na mtu wa kuniuliza maswali, kwa hiyo nilijiuliza mwenyewe. Nilirekodi sauti yangu kwenye simu, kwa Kifaransa: "Jitambulishe." Nikaacha dakika mbili za kimya. "Kwa nini umechagua shule yetu?" Tena dakika mbili. Kila mchana nikawa naweka simu juu ya kiti, nami nakaa kwenye kiti kingine mbele yake, nikijibu. Nilipokosa neno, simu iliendelea kunyamaza, na ndani ya kile kimya nilisikia jogoo wa jirani aliyekuwa akiwika wakati ninarekodi. Siku ya tatu nilianza kumchukia yule msichana wa kwenye simu. Alikuwa na sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Tantine alinikuta hivyo.

"Uko naongea na nani?"

"Na simu, tantine."

"Na simu iko najibu?"

"Hapana."

"Basi acha. Dimanche utasimama kanisani, utatoa ushuhuda. Kule kuko bantu ba kusikia. Weye unaongea kama muntu iko na homa."

Kanisani kwao ushuhuda una njia yake. Unasimama, unasema kwa nguvu "Bwana asifiwe!", watu wote wanaitika "Amen!", halafu unaeleza. Sikuwa nimewahi kusimama kabla ya Jumapili ile. Lakini ile Amen ilipokuja kutoka pande zote, sauti yangu ilitoka. Nilisema sentensi saba mfululizo. Mama mmoja asiyenijua alinishika kichwa na kuniombea. Tantine alirudi nyumbani akitembea mbele yangu kwa furaha. "Unaona? Kule nako fanya vile vile."

Siku hiyohiyo mchana nilienda kwa rafiki yangu. Nilikuwa nimepita mbele ya lango lao mara mbili wiki ile bila kuingia. Nilimkuta barazani, akinyoosha mashati ya shule ya wadogo zake kwa pasi ya makaa.

"Ah, madame la directrice! Karibu. Utatuhurumia, viti vyetu haina na ngozi."

"Acha basi."

"Unataka nini?"

"Uniulize maswali. Kesho ndiyo siku."

Alicheka, lakini si kile kicheko chake cha benchi. Akasimamisha pasi.

"Bon. Mademoiselle, ile kazi ya madaftari, nani njo alianza?"

Nilitazama pasi.

"Jibu! Bale habatangoja vile."

"Sisi wawili."

"Uongo. Anza tena."

"Ni weye."

"Na ukisema vile, batakufukuza. Sema ni minye. Si uliandika?"

"Na weye uliandika."

"Ya kwangu balitupa. Kwa hiyo sasa ni yako. Chukua, ni matabishi." Alishika tena pasi. "Enda, mama. Makaa inazima."

Njiani kurudi nilirudia kimoyomoyo: ni mimi, ni mimi. Kwa Kifaransa ni maneno mafupi. Nilifika nyumbani nikiwa ninayaweza.

Kesho yake, pale Lubumbashi, tulikuwa vijana wengi kwenye korido ya kungojea, na karibu kila mmoja alikuwa na mtu: mama, kaka, mwenzake wa darasa wa kumnyooshea kola. Tantine alikuwa amenisindikiza hadi kituo cha basi tu. Nilipoitwa niliingia chumba chenye watu watatu nyuma ya meza ndefu: mama mmoja mwenye miwani katikati, kijana mwenye kompyuta, na mzee mwembamba mwishoni, karibu na dirisha. Wote watatu walinitazama. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!" Mzee wa dirishani aliitika kwa sauti ya kujaza chumba, kisha akakohoa na kuanza kutafuta kitu kwenye karatasi zake. Kijana aliinua kichwa. Mama wa miwani aliuma midomo, akaniambia kwa upole niketi. Masikio yangu yaliwaka moto hadi mwisho wa mahojiano.

Walianza na maswali niliyoyajua. Kisha mama yule akasoma karatasi yangu: "Umeandika hapa kwamba ulianzisha kazi ya kuvalisha madaftari. Wazo lilitoka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, la dakika mbili kamili. Nilianza: "Niliona kwamba wazazi..." Nikakomea hapo. Nikasema: "Wazo si langu. Ni la rafiki yangu. Niliandika kuwa ni langu, lakini ni lake. Hata nyongeza ya bure ni yake."

"Rafiki huyo yuko wapi?"

"Yuko Likasi. Hamkumwita."

Walitazamana. Kijana wa kompyuta aliuliza: "Sasa wewe ulifanya nini?"

"Niliandika."

"Nini?"

"Etiketi."

Alitabasamu kidogo, na nilidhani yamekwisha. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza jambo hilo, kwa hiyo niliendelea. Nilieleza kwamba nilikuwa na daftari langu ambamo kila mtoto alikuwa na mstari wake: shule, darasa, masomo, wadogo zake. Kabla shule hazijafunguliwa nilikuwa nimeshaandika etiketi za darasa jipya, na tulijua tununue plastiki kiasi gani. Aliyerudia darasa nilimwandikia upya nyumbani, ili asiulizwe mbele ya wenzake. Mzee aliuliza nilijuaje nani amerudia. Nilisema mtoto aliyerudia huwa hataki kuja mwenyewe, anamtuma mdogo wake. Mzee aliandika kitu.

Ndani ya basi la kurudi sikufurahi wala sikulia. Nilikuwa nimemtaja rafiki yangu mbele yao kama mwenye wazo, na papo hapo nikaeleza kwa nini wanichukue mimi. Yote mawili yalikuwa ya kweli, na sikujua nimemtendea nini.

Wiki mbili baadaye jina langu lilitoka kwenye listi. Tantine alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Baba alisema kwenye simu, "Vizuri. Vizuri sana, mama," halafu rezo ikakatika. Mimi nilivaa viatu nikaenda kwa rafiki yangu. Nilitaka kumwambia kwamba sikusema ni mimi. Nilikuwa nimepanga hata sentensi ya kwanza.

Nilimkuta mama yake peke yake uani, akianika nguo.

"Hayuko," alisema. "Alienda Kapolowe tangu juzi, kwa nkambo yake mwanamuke, mama yangu, kumusaidia na biashara ya samaki. Hakukuambia?"

"Aliniambia, mama. Nilisahau tu."

Alinitazama kidogo juu ya kamba ya nguo.

"Na kule Lubumbashi, bamekukamata ku shule?"

"Ndiyo, mama."

"Atafurahi."

"Ndiyo, mama."

Akaniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula, nikarudi nyumbani na ile sentensi yangu.