Ubeti wa Majina

Mjomba wangu hajui kuimba bila kumtaja mtu. Ni ndugu ya mama yangu, mpiga obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane ambacho unakisikia tumboni kabla hujakisikia masikioni. Anaishi upande wa Nyamira, kwenye kilima cha majani chai alikozaliwa mama. Mtu akifa, akioa au akirudi salama kutoka ng'ambo, mjomba alikuwa anaitwa. Kazi yake, kama ya kila mpiga obokano aliyefunzwa vizuri, ni kuita majina. Anaanza na mwenye boma, anapita kwa wazee, anapanda hadi kwa babu zao, kisha anawashukia vijana. Anayeitwa husimama. Ndiyo adabu yetu. Unasimama, unainua mikono, unatingisha mabega kidogo, akina mama wanakupigia vigelegele, halafu mjomba anapitisha vidole harakaharaka kwenye nyuzi na wewe unajua umeruhusiwa kukaa. Nimewaona wanaume waliokosana naye kwa mipaka ya shamba wakisogeza viti mbele ili asije akawasahau.

Mimi kazi yangu ni redio. Kituo chenyewe ni kidogo, kiko Kisii mjini juu ya duka la mabati na misumari, na tunatangaza kwa Ekegusii. Jumamosi asubuhi nina kipindi cha nyimbo za kwetu. Majirani zangu wa Kiogoro wananiita domo, na sijawahi kulikataa jina hilo. Hasira zangu ziko karibu, na mdomo wangu hauna breki. Nayasema haya mapema kwa sababu mtu akinisikia anadhani mimi ni jasiri. Mimi ni mpiga kelele tu, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Jirani ya mjomba alikuwa mjane mmoja mzee, mama wa kuuza mboga na kukaa kimya. Binti wa shule, wa boma la tatu kutoka kwake, akapoteza sauti ghafla. Wiki nzima mtoto hatoi neno. Maneno yakaanza kuzunguka, na yalipomaliza kuzunguka yakatua kwa mjane. Saa nne asubuhi, siku ya kuchuma chai, jua likiwaka, wanaume walimfungia ndani ya nyumba yake wakaichoma. Sitaeleza zaidi ya hapo, siwezi. Yule binti alipata sauti yake mwezi uliofuata, baada ya kutibiwa hospitalini, na hakuna mtu aliyethubutu kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Polisi walikuja wakauliza maswali. Kila mwanamume wa kilima kile alisema siku hiyo alikuwa Keumbu akiuza ndizi. Kwa maneno yao, soko la Keumbu siku hiyo lilijaa watu wa kilima kimoja tu.

Mjane alizikwa bila wimbo. Mjomba alijitolea kupiga, bila kuombwa na bila kutaka kitu, na wazee wa kanisa wakamwambia obokano haipigwi juu ya kaburi la mchawi. Akarudi nyumbani na chombo chake begani. Mama aliniambia kwamba siku ile mjomba hakula.

Miezi ilipita. Akafa mwalimu mstaafu aliyewafundisha nusu ya watu wa kilima kile, na siku ya mazishi hakuna aliyebaki nyumbani. Chifu alikaa safu ya mbele. Mimi nilikuwa pembeni na simu mkononi, narekodi kwa ajili ya kipindi changu. Mjomba alimsifu mwalimu, akapanda hadi kwa babu za mwalimu, akashuka. Kisha akaanza kuwaita wanaume wa kilima. Wa kwanza akasimama, mikono juu, akitabasamu. Mjomba hakumkalisha. Akamwita wa pili. Akasimama. Wa tatu. Sikuelewa mara moja, ila niliona jambo moja lisilo la kawaida, kwamba zile nyuzi za kuwakalisha watu hazipigwi. Walipofika saba, wote wamesimama mikono juu kama walivyozoeshwa tangu utotoni, mjomba akapunguza mpigo mpaka ukawa kama mtu anayepumua, akawauliza kwa wimbo: asubuhi ile mama yetu akiungua, ninyi mlikuwa mmesimama wapi?

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mmoja wa wale saba alikuwa hajalisikia swali, akaendelea kutingisha mabega peke yake hadi jirani yake alipomvuta koti. Hakuna aliyewalazimisha kusimama. Ni adabu iliyowasimamisha, na walishindwa kukaa kwa sababu kukaa nako kungekuwa jibu. Wakabaki wamesimama, mjomba akiendelea kumlilia mjane ubeti baada ya ubeti. Nilimpenda mjomba siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu.

Jumamosi iliyofuata niliucheza wimbo wote redioni, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Simu hazikukatika. Wengine walilia hewani, wengine walitutukana. Mwanamke mmoja alimtaja mama yake mwenyewe, kwamba naye alichomwa, akakata simu kabla sijamwuliza lolote. Jumatatu bosi aliniita.

"Hiyo wimbo imeniletea shida," alisema. "Watu wakubwa wamenipigia. Wanasema ni uchochezi. Unajua tunaweza pokonywa leseni?"

"Lakini ni kweli, bosi."

"Kweli gani? Wewe ni polisi? Mimi sijasema wimbo ni mbaya. Wimbo ni mzuri sana. Toa tu hapo mahali ya majina, ingine yote iendelee."

Nilibisha. Nilibisha kwa sauti, kama kawaida yangu, hadi watu wa dukani chini wakasikia. Akaniacha nimalize, halafu akaniuliza kwa upole kama niko tayari kwenda kuwaambia wenzangu pale nje kwamba kazi imeisha. Ningeweza kusema basi, kama haukamiliki tusiucheze kabisa. Jibu hilo lilikuwa wazi, halikuhitaji akili nyingi. Badala yake nilijiambia kwamba nusu ya wimbo ni afadhali kuliko kimya, na nikajisikia mwerevu.

Niliukata mchana wa siku hiyohiyo, chipsi zikiwa kando ya kompyuta. Sekunde arobaini hivi. Nilianzia pale mjomba anapomwita wa kwanza nikaishia baada ya swali, kisha nikaunganisha mpigo na mpigo. Nina mkono mzuri kwa kazi hiyo. Nilirudia kusikiliza mara tatu, na sikuweza kupata mahali nilipokata, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Wimbo ukapendwa. Sasa ulikuwa wimbo wa huzuni tu: mama mzee ameungua, kilima kinalia, nani atatuuzia mboga. Ungedhani moto ulishuka wenyewe kutoka mawinguni. Vijana wa bodaboda waliuweka kwenye spika zao. Watu waliuomba kwenye sherehe. Nilialikwa harusi moja Birongo, ukapigwa, na nikamwona mmoja wa wale saba akiucheza, macho amefumba kwa uchungu, mkono kifuani. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya hema. Shangazi yangu mmoja alikuja akaniuliza kama nina mimba.

Mjomba aliusikia Keumbu, kwenye kibanda cha kuchaji simu. Nilipokwenda kumwona alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, obokano ameiegemeza ukutani. Hakunisalimia kwanza.

"Ni nani alikata?" aliuliza. Sisi wawili huzungumza Ekegusii tu.

"Ni mimi, mjomba."

Alitikisa kichwa taratibu. "Umekata vizuri. Nilidhani ni mimi niliyesahau kuimba."

Nilimweleza habari za leseni na za wenzangu kazini. Aliniuliza kama nimekula, na nilipojibu hapana akamwita mkewe. Angenifukuza ningejua pa kuanzia kuomba msamaha. Nilikula ugali wa wimbi na mboga mbele yake.

Hayo hayakuishia hapo. Chifu alimwita ofisini mara mbili. "Mzee, hiyo mambo ya kuita watu majina, wachana nayo," alimwambia, na akaongeza kwamba kuanzia siku hiyo hatapiga kwenye mkutano wowote bila barua yake ya ruhusa. Barua yenyewe haikuwahi kuandikwa. Familia zikaacha kumwita, hata zile zilizomwamini, maana nani anataka mazishi yake yaharibike? Kisha asubuhi moja mkewe alifungua mlango akakuta mtungi mdogo wa plastiki umewekwa kizingitini. Ulikuwa mtupu. Ulinuka petroli. Mjomba aliuosha, akauweka juani ukauke, na tangu siku hiyo hakugusa nyuzi.

Mwaka jana akaja mgeni. Alikuwa mama mmoja wa ng'ambo, kutoka shirika linalowatetea wanamuziki waliozuiwa kuimba. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo ndiye aliyempa namba yangu. Alihitaji mtu wa kumpeleka kwa mjomba na kumtafsiria, na mimi nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Nilidhani nitakuwa nimelipa deni langu kwake.

Alikuwa mtu mzuri, simwonei. Alivua viatu mlangoni, akanywa chai yote. Alimwonyesha mjomba picha kwenye simu yake: mwanamume aliyefungwa kwa wimbo uliomgusa rais wa nchi yake, msichana aliyekatazwa kuimba mbele ya wanaume, kijana aliyepigwa risasi jukwaani. Mjomba alizitazama moja moja, simu ameishika kwa mikono miwili. Kuhusu yule wa jela aliuliza kama ana ng'ombe, na kama anaye, nani anamkamua. Mgeni hakujua. Mjomba akasikitika kweli, akasema hilo ndilo la kumwuliza mtu kwanza.

Kisha maswali yakaanza, na mgeni akawa anajaza fomu. Nani alikuzuia kupiga mazishini? Wazee wa kanisa, alijibu mjomba, akawataja wote watatu, majina yao na ya baba zao. Nani alikuzuia kwenye mikutano? Chifu, na akamtaja. Nani aliweka mtungi? Akamtaja bila kupunguza sauti, ingawa dirisha lilikuwa wazi na mtu huyo anaishi ng'ambo ya mto. Nilitafsiri. Kalamu ya mgeni ilikuwa inakimbia. Nilijua swali linalokuja, nilikuwa nimelijua tangu Kiogoro.

"Wimbo unaochezwa redioni una ubeti uliokatwa," alisema mgeni. "Mwulize ni nani alikata. Tunawaandikia barua watu kama hao, na majina yao tunayatoa kwenye ripoti."

Nilitafsiri swali hilo polepole. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kulijibu mimi mwenyewe. Kwa Kiingereza ni maneno mawili tu, na mgeni alikuwa amekaa mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana. Domo la Kiogoro likakauka.

Mjomba hakunitazama. Alimtazama mgeni usoni, yeye mwita majina anayejua jina la babu wa babu yangu, ambaye hajawahi kumruka mtu katika wimbo hata kwa chuki.

"Mwambie sijui ni nani," alisema.

Nikatafsiri. Mgeni akaandika, akasita, akaniuliza kama nina uhakika ndivyo alivyosema. Nikamwambia ndiyo, ndivyo alivyosema.