Maksai wa Maganga na Watoto wa Sinema

Mara ya kwanza Maganga kuja kwangu na neno la biashara, aliniambia niache kuonyesha kanda za karate, nilete watu.

"Watu gani?"

"Chubwi na Kigae, mayu," alijibu, akiniita mama kwa Kisukuma. "Wako Mwanza. Nimewaona kwa macho yangu."

Ilikuwa miaka ya ruksa. Pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani, na mimi nilikuwa na deki, televisheni na kibanda cha video pale Somanda. Maganga alikuwa mkulima wa Dutwa. Nilicheka, maana Chubwi na Kigae kila mtu wa rika letu aliwajua: watoto wawili wa vichekesho tulivyoonyeshwa na gari la sinema la serikali. Kigae, mdogo, alipanda mabegani kwa Chubwi, wakavaa koti moja refu, wakajifanya bwana kodi ili wajilie kuku wa watu.

"Nilifuata jembe la plau sokoni," alisema Maganga. "Nikaona mtu mnene anauza viatu vya mitumba, anajikuna sikio kwa mkono wa upande wa pili, kama Kigae wa sinema. Nikamwambia, 'Bwana kodi, kuku yuko wapi?' Akageuka, akalia kama kuku! Akanipeleka kwa Chubwi, tukala samaki sisi watatu."

"Samaki mmekula ninyi. Nauli, chakula na malazi nilipe mimi. Watu wakiwakimbia?"

"Hawawezi."

"Basi weka maksai mmoja rehani."

Alikuwa na maksai wawili tu, na mmoja peke yake havuti plau. Lakini alimleta, tukapatana: watu wakibaki kwa Chubwi na Kigae mpaka mwisho, anamchukua, wakihama, ni wangu. Mkewe, Nyanjige, alimfuata nyuma akipiga kelele. "Mume wangu kaweka ng'ombe rehani kwa watoto wa sinema! Tutalima kwa meno?"

Siku hiyohiyo nilizungumza na Athanasi mchinjaji. Akasema atamfuata maksai huyo Jumatatu.

Jumapili uwanja niliozungushia mabua ya mtama ulijaa. Nilikuwa nimemwita pia Masunga, manju wa ngoma, pamoja na wachezaji wake na chatu wao. Maganga alipoona ngoma zinashushwa, uso ulimbadilika.

"Mayu, hawa wa nini?"

"Wa kuita watu."

"Wewe ni Msukuma mwenzangu. Ngoma haiitwi ikakaa pembeni. Itashindana."

"Hatukupatana kwamba uwanja ni wenu peke yenu."

Kwetu pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watu hukimbilia palipochangamka. Mwamuzi ni miguu ya watazamaji. Masunga alingoja kiungwana mpaka wale wawili walipoanza, kisha akapiga ngoma upande wa pili.

Chubwi alikuwa amekonda na mgongo unamsumbua. Kigae, yule mdogo, amekuwa gunia. Walianza maneno ya baa na wanawake wa mjini. Masunga akamtoa chatu. Watu wakaondoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Kwa wale wawili wakabaki bibi vizee wachache, na Nyanjige, mikono kichwani.

Chubwi akakunja koti. "Wametukimbia. Twende kabla hatujapigwa mawe."

Maganga alirukia katikati. "Hawajakimbia, wanaonja! Huku ndivyo watu wanavyopima. Wapeni bwana kodi!"

"Nimbebe huyu? Mgongo utakatika."

"Nipe koti. Nitambeba mimi."

Kigae alimtazama juu hadi chini. "Unajua hatua zake?"

"Kukushinda wewe."

Akachuchumaa. Kigae akapanda, koti likawafunika, bwana kodi akainuka akiyumba, na ndani ya koti Maganga akalia kama kuku. Nyanjige akapaza sauti: "Jamani! Huyo bwana kodi ana miguu ya mume wangu! Naijua, inanichafulia nyumba kila siku!"

Wauza miwa wakageuka. Kisha wengine. Masunga akaongeza ngoma, akamvisha mchezaji wake chatu shingoni. Bwana kodi hakungoja kufuatwa. Alivuka uwanja mzima, akasimama mbele ya chatu, akamdai kodi.

Mimi niliitazama ile miguu. Goti moja likagusa vumbi, uwanja mzima ukazuia pumzi, nami nikamwona maksai ameshakuwa wangu. Likainuka. Mpiga ngoma mmoja alikuwa chini anacheka, na watu hawakubanduka mpaka mwisho.

Asubuhi Maganga alikuja na kamba, shingo imekakamaa. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu. "Nimekuja kumchukua mwenzetu."

Nilimpa. Mapatano ni mapatano. Kiingilio kilikuwa mkononi kwangu. Lakini Athanasi alikuta zizi tupu, na tangu hapo hanunui ng'ombe kwa neno langu.

Chubwi na Kigae walimbembeleza Maganga awafuate Binza, walikoitwa na mtu mwingine. Aliwashika mikono wote wawili, akachelewa kuiachia.

"Mvua iko karibu," alisema. "Nani atashika plau?"

Wakapanda basi wawili tu. Nilisikia kule Binza walicheza bila bwana kodi, na watu wakadai warudishiwe kiingilio chao. Maganga alilima shamba lote, Nyanjige akiwaongoza maksai mbele, naye nyuma kwenye plau akilia kama kuku kila alipogeuza.